Mtu Aliyefungwa Utepe

Nchi ninayoisimulia iko mbali, wala msihangaike kuitafuta kwenye ramani, kwa sababu ramani yake mpya imekwisha kuchorwa lakini bado imefunikwa kitambaa. Ni nchi nzuri, yenye watu wapole na viongozi wanaovaa suti hata juani. Sina ugomvi nayo. Nataka tu kueleza yaliyompata kijana mmoja wa huko, mhandisi wa programu za kompyuta aitwaye Msabaha Fumbwe, na nitayaeleza kama yalivyotokea, bila kumlaumu mtu.

Kwanza lazima muijue sheria ya huko, la sivyo mtadhani watu wake wana kasoro. Sheria inasema kwamba kitu ambacho hakijazinduliwa na mgeni rasmi hakijakuwepo. Kinaweza kuonekana, kinaweza kuguswa, kinaweza hata kuwa kimekwisha kupakwa rangi, lakini hakijakuwepo. Kwa hiyo pale Mto Kirendu kuna daraja zuri la zege, limekamilika zamani, na katikati yake pamefungwa utepe. Chini ya daraja hilo watu wanavuka mto kwa miguu, maji yakiwafika kiunoni na viatu vikiwa vichwani. Wakifika ng'ambo hugeuka, wakalitazama daraja, wakalisifu. Kila utepe una mlinzi wake, na ulinzi wa utepe ni ajira ya heshima, yenye sare na pensheni. Watoto tu ndio wanaoruhusiwa kuzaliwa bila mgeni rasmi, na hilo nalo kamati inalijadili.

*

Msabaha alipomaliza chuo aliajiriwa Makao Makuu ya Mifumo, jengo la vioo ambalo, kwa bahati, lilikuwa limezinduliwa. Mnakijua kile kiduara kinachozunguka kwenye kompyuta wakati mwananchi amesimama dirishani akisubiri huduma? Katika nchi ile kiduara kina kitengo chake, na huko ndiko alikopangiwa Msabaha. Kazi yake ilikuwa kukifanya kizunguke kwa madaha zaidi. Alianza kwa kukipa rangi za bendera. Baadaye akakifanya kipumzike kidogo kila baada ya mzunguko, ili mwananchi apate matumaini. Wakubwa walimpenda, wakampa kiti chenye magurudumu.

Siku moja alimwuliza mkuu wa kitengo kama isingewezekana kuitengeneza mifumo yenyewe ijibu upesi, mwananchi asisubiri.

"Halafu kiduara kitazunguka saa ngapi?" mkuu akamwuliza, na wala hakuwa anatania.

Huenda angezeekea pale, akastaafu na kupewa saa ya ukutani, kama si dada yake. Mwanaidi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Bondeni, mkubwa kwake kwa umri na kwa sauti, na ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, ule wa kudungwa sindano ya insulini kila siku, na insulini katika nchi ile ilikuwa na tabia ya kucheza kombolela. Kituo hiki hakuna. Kile hakuna. Cha tatu ipo, ila nesi mwenye ufunguo wa friji yuko semina. Mwanaidi alizunguka na jua tangu asubuhi, akarudi mkono mtupu, kumbe zahanati ya kijiji cha pili ilikuwa na katoni nzima inayokaribia kuharibika kwa kukosa mtu wa kuiulizia.

"Dawa ipo, Msa," alimwambia mdogo wake jioni moja, miguu yake ikiwa ndani ya beseni la maji. "Na mimi nipo. Ila hatujuani."

Maneno hayo yalimkaa Msabaha rohoni. Kesho yake alikirudisha kile kiti chenye magurudumu, akaaga, akaenda kukodi chumba nyuma ya kinyozi na kuanzisha kampuni. Ilikuwa kampuni changa kweli: mtu mmoja, meza moja, kompyuta moja na feni iliyogeuka upande mmoja tu. Marafiki zake walimwambia kwamba amechanganyikiwa, kwa sababu kazi ya kiduara ilikuwa na posho ya kukaa na posho ya kusimama.

Alichokitengeneza hakikuwa cha ajabu. Kila asubuhi nesi wa zahanati alituma ujumbe wa simu, simu yoyote, hata ile ya tochi, akitaja dawa zilizomo kwenye friji na kabati lake. Mgonjwa naye alituma jina la dawa anayoitafuta, akajibiwa palepale ni kituo gani kinayo. Hapakuwa na kiduara. Mfumo huo aliuita Ipo Wapi, kwa sababu ndilo swali ambalo watu walikuwa wakiuliza.

Mtu wa kwanza kuutumia alikuwa Mwanaidi. Aliuliza insulini, akajibiwa Zahanati ya Mpilipili, akapanda bodaboda, akaikuta. Alipiga simu akiwa bado amesimama mlangoni kwa nesi.

"We Msa," alisema, kisha akavuta kamasi, na Msabaha akajua kwamba dada yake analia na hataki ijulikane. "Haya. Uje ule huku Jumapili."

*

Mfumo ulifanya kazi msimu mzima wa mvua. Manesi waliupenda kwa sababu uliwaondolea foleni ya watu wa kuuliza tu. Wagonjwa waliupenda kwa sababu walipata dawa. Hapo ndipo kosa lilipoonekana, maana katika nchi ile jambo likipendwa na watu bila kelele, serikali huingiwa na wasiwasi.

Siku moja ikasimama gari jeupe mbele ya kinyozi, akashuka Bwana Ludoviko Chamshama, Mkurugenzi wa Idara ya Uzinduzi. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye leso mkononi wakati wote, na hakuwahi kumfokea mtu maishani mwake. Nyuma yake alifuata mlinzi wa utepe mwenye sare.

"Hongera sana, kijana wetu," alisema Bwana Chamshama baada ya kukalishwa kwenye kiti pekee. "Tumesikia habari zako mpaka juu. Sasa, mfumo huu umezinduliwa na nani?"

"Haujazinduliwa, mzee. Unafanya kazi tu."

"Unafanya kazi tu," alirudia Bwana Chamshama taratibu, kama mtu aliyetajiwa ugonjwa wa aibu. Alijifuta jasho. "Tangu lini?"

"Tangu mvua zilipoanza."

"Na watu wameutumia?"

"Wengi, mzee. Dada yangu mwenyewe anaishi kwa huo."

Bwana Chamshama alimtazama kwa huruma ya kweli. Alimweleza kwamba hakuja kumwadhibu, kwa kuwa serikali inawapenda vijana wabunifu kuliko kitu chochote, na hata imewawekea siku yao. Lakini kilichotokea ni hatari. Watu wamepewa dawa na kitu ambacho hakijakuwepo. Je, wakipona, watakuwa wamepona kwa utaratibu gani?

"Zima," alisema kwa upole. "Kwa muda mfupi tu. Tutakuletea mgeni rasmi wa ngazi ya juu, Mheshimiwa Waziri wa Mambo Mapya mwenyewe, auwashe kwa mkono wake. Utapata heshima unayostahili."

"Na wagonjwa wataulizia wapi?"

"Watasubiri uzinduzi. Wananchi wetu ni wavumilivu, tusiwadharau."

Mlinzi wa utepe akaifunga ile kompyuta utepe wa rangi za taifa, akatengeneza ua zuri juu yake, kisha akavuta ndoo ya kinyozi, akaigeuza, akakaa juu yake kuanza kazi.

*

Kamati ya Maandalizi iliundwa wiki hiyohiyo, ikakaa, ikaahirisha, ikakaa tena. Rangi ya fulana ilizua mjadala mzito. Mheshimiwa Waziri akapangiwa siku, lakini siku hiyo akasafiri kwenda nchi rafiki kuwasaidia kuzindua. Akapangiwa nyingine, akaondolewa kwenye uwaziri asubuhi ya siku hiyo, viti vya plastiki vikiwa vimekwisha kupangwa. Waziri mpya akasema yuko tayari wakati wowote, ila fulana zina sura ya mwenzake. Fulana zikachapwa upya.

Sasa angalieni maajabu. Kadiri mfumo ulivyokaa kimya ndivyo sifa zake zilivyozidi. Wakati ukifanya kazi, hakuna gazeti lililouandika. Ulipofungwa utepe, magazeti yalipanga foleni kupiga picha ua lake. Wawekezaji walikuja na miwani yao myeusi, wakautazama utepe kwa makini, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Msabaha aliitwa kwenye makongamano kuwaeleza vijana jinsi ya kuthubutu. Alipewa Tuzo ya Mfumo Imara wa Mwaka, na msomaji wa sifa alisema kwa fahari kwamba mfumo huo haujakwama hata mara moja tangu ufungwe. Alikabidhiwa pia mfano wa hundi, ubao mkubwa kuliko mlango wa benki. Alipouliza hundi yenyewe ipo wapi, aliambiwa kwamba imesainiwa tayari na inasubiri mgeni rasmi.

Kadi za biashara sasa zilimtaja kuwa Mwanzilishi na Mtendaji Mkuu. Alikuwa na suti mbili. Alijua kusema "mfumo ikolojia wa ubunifu" bila kukwama. Jambo moja tu hakulifanya tena, nalo ni kuandika programu, kwa sababu kompyuta yake ilikuwa na mlinzi.

Na alichukia. Nalisema wazi kwa sababu kwenye picha zote za wakati ule anaonekana akicheka. Kila alipopewa kipaza sauti alitamani kuwaambia waliokaa mbele yake kwamba hakuna chochote cha kujifunza kwake, kwamba alitengeneza kitu kidogo chenye faida na wamekitia kitanzi, na kwamba anaomba tu aachiwe akiwashe. Badala yake alisema itifaki imezingatiwa, akashukuru waandaaji, akala kuku wa makongamano ambaye siku zote alikuwa baridi.

Siku aliyorudi kutoka kongamano moja la aina hiyo alipigiwa simu na mwalimu mkuu wa shule ya Bondeni. Mwanaidi alikuwa amekaa chini katikati ya somo la hesabu, akawaambia watoto kwamba haoni ubao, kisha akashindwa kuinuka. Alikuwa amezunguka vituo vyote vya upande ule bila kupata dawa.

Msabaha alimkuta kitandani hospitalini, midomo imemkauka, dripu mkononi. Yeye mwenyewe alikuwa bado na suti na beji ya kongamano shingoni.

"Umependeza," dada yake alimwambia.

"Dada, nisamehe."

"Sikukulea ili upendeze, Msa." Alifumba macho, akapumzika kidogo kabla ya kuendelea. "Ulikuwa unaniambia dawa ipo wapi. Sasa hivi kila mtu ananiambia ndugu yangu amekuwa mtu mkubwa, na dawa siioni."

*

Msabaha aliirudia sheria, akaisoma yote, hata maandishi madogo ya chini. Ilikataza mfumo usiozinduliwa kujibu maswali. Haikumkataza mtu kuongea kwenye simu. Hivyo kila asubuhi akaanza kuwapigia manesi mmoja mmoja, akiwauliza wana nini, na yote akayashika kichwani, kwa kuwa aliogopa hata kuyaandika yasije yakaitwa mfumo. Mgonjwa alipopiga, alimwambia: nenda Mpilipili, ipo. Nenda Kwamtoro, umwulize Nesi Felista, lakini kabla ya mchana.

Mtu aliyesomea kompyuta chuo kizima sasa alifanya kwa mdomo kazi ambayo mashine yake ingeifanya kwa kufumba na kufumbua, na mashine yenyewe ilikuwa pale mezani, nzima, ikitazamwa na mwenye sare. Sauti ilimkauka, sikio likamvimba. Chakula alikula kwa mkono mmoja, na watu waliompigia hawakujua jina lake. Walimwita Ipo Wapi, na kwa mara ya kwanza tangu gari jeupe lisimame pale, alijisikia mtu.

Mwanaidi alipata dawa, akarudi shuleni. Wengine wengi walipata. Kisha, mvua zilipokaribia tena, majibu ya manesi yakaanza kufanana. Mpilipili hakuna insulini. Kwamtoro hakuna. Bondeni hakuna. Nesi Felista ndiye aliyemnong'oneza ukweli wake.

"Kaka, dawa haijaisha. Imekuja nyingi, imejaa tele kwenye kile chumba cha baridi kipya pale Bohari ya Mkoa. Wametuambia tusubiri. Chumba hakijazinduliwa."

*

Bwana Chamshama alikuja mwenyewe, na leso yake, kabla Msabaha hajaamua la kufanya. Safari hii alikuja na mlinzi mwingine na futi ya kupimia.

"Kijana wetu," alisema, "tumepata taarifa kuna mfumo unaitwa Msabaha."

"Mimi ni mtu, mzee."

"Hilo hatulipingi. Lakini unapokea maswali?"

"Napokea."

"Unatoa majibu?"

"Natoa, yanapokuwepo."

"Na hujazinduliwa." Bwana Chamshama alitikisa kichwa kwa masikitiko, huku mlinzi akimpima Msabaha kifua na mabega. "Hatukutaka kufika huku. Lakini Mheshimiwa ana nafasi Alhamisi, na kamati imeona badala ya kuizindua mashine ambayo kila mtu amekwisha kuizoea, tukuzindue wewe. Itakuwa mara ya kwanza katika ukanda huu."

Msabaha angecheka, au angemtupia ile feni. Lakini alifikiria kwanza chupa ya insulini ya dada yake, ambayo alikuwa ameiona Jumapili kwenye mtungi wa maji baridi, imebaki ya siku chache tu.

"Nina sharti moja," alisema. "Chumba cha baridi cha Bohari. Kizinduliwe siku hiyohiyo, na mgeni huyohuyo."

Bwana Chamshama alifikiri, akajifuta shingo, akasema kwamba hilo ni wazo la kizalendo kabisa na litapunguza gharama za viti. Alimpa mkono. Na mpaka leo naamini kwamba alikuwa na nia njema, kwa sababu watu wa Idara ile huwa nayo siku zote.

*

Alhamisi ilifika. Jukwaa lilijengwa kwenye uwanja wa Bohari, hatua chache tu kutoka kwenye mlango wa chumba cha baridi, ambao nao ulifungwa utepe na kusimamiwa na mlinzi. Mtambo wa kupoza ulikuwa ukinguruma ndani. Msabaha alikalishwa kwenye kiti jukwaani, utepe ukimzunguka kifua na mikono, na ua lake likiwa chini ya kidevu. Simu yake iliwekwa kwenye kimeza, juu ya mto wa hariri, imezimwa, kwa kuwa hakuruhusiwa kujibu kabla ya kuzinduliwa. Wananchi walikaa juani kwa fulana mpya. Walioalikwa kutoka zahanati walisikika wakiulizana kama dawa itagawiwa baada ya kuku au kabla.

Mheshimiwa alichelewa mpaka vivuli vikageuka upande wa pili. Alipofika, ngoma zikapigwa, risala ikasomwa, risala ikajibiwa. Alisema kwamba wakati nchi nyingine zinahangaika na mashine zinazofikiri kama watu, sisi tumewatangulia, tuna mtu anayefikiri kama mashine. Alisema kijana huyu ni mtaji wa taifa, na mtaji wa taifa hautumiwi ovyoovyo. Msabaha alihisi pua ikimwasha na hakuweza kujikuna. Macho yake yalikuwa kwenye mlango wa chumba cha baridi.

Hatimaye mkasi ukaletwa juu ya sinia. Mheshimiwa akakata utepe, na kifungo kimoja cha shati kikaenda nao. Watu walishangilia.

Bwana Chamshama akamsogelea mgeni na kumnong'oneza, akionyesha mlango wa chumba. Msaidizi wa Mheshimiwa akanong'ona upande wa pili, akionyesha saa. Wakanong'onezana watatu. Kisha Bwana Chamshama akamwendea Msabaha, uso umemshuka.

"Kumetokea changamoto ya kiitifaki," alisema. "Mgeni rasmi hawezi kukata mara mbili uwanja mmoja. Ataonekana kama fundi cherehani. Chumba tutakipangia siku yake."

"Lini?"

"Siku muafaka."

"Mzee, tulikubaliana."

"Tulikubaliana, na sijakataa," alisema Bwana Chamshama kwa upole uleule. "Sasa washa simu, Mheshimiwa anataka kuona unavyofanya kazi kabla hajaondoka."

Mshereheshaji aliisogeza simu kwenye kipaza sauti, akawatangazia wananchi kwamba mfumo sasa umekuwepo rasmi, na simu ya kwanza itakayoingia itasikika moja kwa moja. Msabaha akaiwasha, na haikuchukua muda ikaita. Aliona jina la mpigaji kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Ipo Wapi?" aliitikia, kama alivyozoea kuitikia.

"Msa, ni mimi." Sauti ya Mwanaidi ilitoka kwenye spika zote za uwanja, nyembamba, imechoka. "Nipo hapa Bondeni kwa nesi. Chupa imeisha tangu jana. Nimeanza kutapika. Insulini ipo wapi?"

Msabaha alimtazama Mheshimiwa, akamtazama Bwana Chamshama, akautazama ule mlango. Alikuwa mfumo uliozinduliwa, wenye haki kamili ya kujibu, na jibu alikuwa nalo.

"Ipo Bohari ya Mkoa, dada. Chumba cha baridi. Kutoka hapa nilipokaa naweza kukirushia jiwe. Imejaa mpaka mlangoni. Chumba hakijazinduliwa."

Mheshimiwa akaanza kupiga makofi. Meza kuu ikamfuata, ikasimama. Mheshimiwa aliuambia umma kwamba wamejionea wenyewe, swali limeulizwa na jibu limetoka hapohapo, sahihi, bila kukwama, tena lenye maelezo ya ziada. Alimpa Msabaha mkono, akapiga naye picha, akaingia garini. Magari yakaondoka yote kwa mstari, la Bwana Chamshama likiwa la mwisho, leso yake ikipunga dirishani.

Vumbi lilipotua, simu ilikuwa bado haijakatwa, na hakuna aliyekumbuka kuzima spika.

"Msa? Makofi ya nini?"

"Wamefurahi, dada."

"Wamefurahia nini?"

Msabaha alikuwa amesimama, vipande vya utepe vikimning'inia mabegani, na alikuwa na hasira ambayo hakuwa na haja tena ya kuificha kwenye picha ya mtu.

"Hapo kwa nesi kuna mkasi?" aliuliza.

"Upo. Huu wa kukatia bandeji."

"Mwambie akulete kwa bodaboda, sasa hivi, na mje nao."

Maneno hayo yalisikika uwanja mzima, mpaka kwa mlinzi wa utepe aliyesimama mlangoni pa chumba, ambaye alijinyoosha na kurekebisha kofia yake. Watu waliokuwa wakikusanya viti wakaacha. Kisha mama mmoja wa safu ya nyuma, aliyekuwa amekuja na fulana mpya na kikapu chake, akapekua chini ya kitambaa, akatoa kisu kidogo cha kumenyea machungwa, akamwuliza Msabaha kama hicho nacho kinafaa.